Wengu wa sentimita 22 na barua ya rufaa iliyosahau damu: uchambuzi wa kisa

Barua ya rufaa ilikuwa na mistari minne. Mwanaume wa miaka 31, mvuvi wa dagaa kutoka visiwa vya Ukerewe. Ngiri ya kinena upande wa kulia. Chembe sahani 34,000 kwa mikrolita, bandama, yaani wengu, kubwa sana. Upasuaji wa ngiri umeahirishwa; tunaomba mgonjwa atolewe bandama kwanza.

Mgonjwa huyu hayumo katika faili lolote moja. Kisa kimeunganishwa kutokana na sura ya ugonjwa inayojirudia kando ya Ziwa Victoria, na vipimo vyake vimepangwa kwa ajili ya kufundishia. Ila barua za namna hii zipo nyingi, na kosa lake ni lilelile: zinataja namba iliyomtisha daktari wa upasuaji, ya chembe sahani zinazogandisha damu, zinaacha jambo linaloweza kumuua mgonjwa.

Jambo hilo lilipatikana kwa swali moja: "Umewahi kutapika damu?" Ndiyo, mara moja, miaka miwili nyuma. Aliongezewa chupa tatu za damu, akaambiwa ana vidonda vya tumbo, akarudi nyumbani na omeprazole, dawa ya kupunguza asidi. Hakuna aliyemwangalia tumboni kwa kamera. Tangu hapo, mgongo ukimuuma kwa kuvuta nyavu, hununua diclofenac dukani.

Kwa hiyo tunaye mtu mwenye wengu mkubwa, chembe sahani chache na historia ya kutapika damu, anayemeza dawa inayochubua tumbo na kuzifanya hizo chembe chache zilizobaki zisishikane vizuri. Ngiri yake ndiyo shida ndogo kuliko zote.

Karatasi ya vipimo

Uzito kilo 58. Mapigo ya moyo 84, presha 112/70. Macho hayana manjano, miguu haijavimba, tumbo halina maji. Wengu umeshuka mpaka chini ya kitovu, mgumu, hauumi ukiguswa.

Picha ya damu (FBP): wingi wa damu gramu 8.2, chembe nyekundu ndogo zenye ujazo wa 69, chembe nyeupe 2,100 na kati yake nyutrofili (askari wa kupambana na bakteria) 1,200, chembe sahani 34,000. Feritini (akiba ya madini chuma) 6. Bilirubini kawaida, albumini (protini inayotengenezwa na ini) gramu 37 kwa lita, INR (kipimo cha damu kuganda) 1.2, ALT (kimeng'enya cha ini) 28. Homa ya ini B na C hazipo, VVU hakuna, malaria hakuna, selimundu hakuna. Kinyesi hakikuonyesha mayai, lakini kipimo cha mkojo cha antijeni ya kichocho cha tumbo kilikuwa chanya.

Kabla ya kuamini namba ya chembe sahani, damu yake ilipakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini. Si hatua ya kuruka. Damu ya watu wengine hushikana vibonge ndani ya kichupa chenye EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, mashine ikahesabu bonge zima kana kwamba ni chembe moja kubwa au isilihesabu kabisa, na mtu akapewa ugonjwa asio nao. Kioo kikionyesha vibonge, damu inachukuliwa upya kwenye kichupa cha sitreti, dawa nyingine ya kazi hiyohiyo. Kwa mgonjwa huyu kioo kilikuwa safi: chembe zilikuwa chache kweli, na hakukuwa na chembe changa za saratani ya damu.

Altrasaundi ndiyo iliyofungua kisa. Wengu sentimita 22. Kwa mtu mzima wa kawaida hauzidi 12 au 13. Ini lina uso laini, sehemu yake ya kushoto imekua na ya kulia imepungua. Kuta za matawi ya vena ya porta, inayopeleka damu ya utumbo na wengu kwenye ini, zimenenepa na kung'aa, na kwenye njia panda ya vena hiyo kuna mkufu mweupe mnene. Vena yenyewe ina upana wa milimita 16, iko wazi, na damu bado inaelekea kwenye ini.

Picha hiyo ina jina tangu 1904, pale mwanapatholojia Symmers alipoeleza maini ya Misri yaliyoonekana yakikatwa kana kwamba yamechomekwa mashina ya kiko. Minyoo ya kichocho cha tumbo hukaa kwenye vena za utumbo na kutaga huko. Mayai yanayokosa njia ya kutokea kwenye kinyesi husombwa na damu hadi kwenye vijitawi vya vena ya porta, yananasa, mwili unayazungushia kovu. Makovu yakijaa, damu inayotoka utumbo na wengu hukuta mlango umebanwa kabla haijafika kwenye seli za ini. Seli zenyewe hazijaguswa sana. Ndiyo sababu albumini na INR yake ni nzuri huku shinikizo la porta likiwa limepanda. Mtu ana ini linalofanya kazi na vena zinazotaka kupasuka.

Je, wengu kweli "unakula" damu?

Kwa kiasi. Neno la kitaalamu la wengu unaofanya kazi kupita kiasi lilianza na daktari Chauffard mwaka 1907, na masharti yake bado yanatumika: wengu mkubwa, aina moja au zaidi ya chembe za damu imepungua, uboho unatengeneza vizuri, na damu inarudi kawaida wengu ukiondolewa. Sharti la mwisho lina kasoro iliyo wazi: huwezi kulithibitisha bila kumkata mtu.

Kwa chembe sahani, tendo kubwa ni kuhifadhi kuliko kuharibu. Hata kwa mtu mzima mwenye afya, theluthi moja ya chembe sahani zake imo ndani ya wengu wakati wowote ule. Wengu ukivimba sana, unaweza kushikilia hadi asilimia 90. Chembe hizo ziko hai na hubadilishana polepole na zilizo kwenye mzunguko. Hii inaeleza mambo mawili ambayo wodini huonekana kama kitendawili: kwa nini mtu wa chembe 34,000 hatoki damu kwenye fizi, na kwa nini ukimwongezea chembe sahani za mfuko leo, kesho namba ni ileile. Umezimimina kwenye ghala.

Kwenye sirosisi, ambako seli za ini zenyewe zimeharibika kwa makovu, kuna sababu ya pili. Thrombopoietini, homoni inayouamuru uboho utengeneze chembe sahani, hutengenezwa na ini. Ini likichoka, amri inapungua, na hapo hata wengu ukitolewa namba haipandi kama ulivyotarajia. Mvuvi huyu ini lake lina nguvu, kwa hiyo kwake mzigo mkubwa uko kwa wengu.

Upungufu wa damu nyekundu ni habari nyingine. Wengu mkubwa huongeza maji ya damu na kuizimua, ndiyo, lakini chembe ndogo za 69 na feritini ya 6 ni njaa ya madini chuma kutokana na damu iliyopotea. Kumlaumu wengu kwa upungufu huu ni kumwachia mgonjwa ugonjwa unaotibika kwa vidonge vya bei ndogo kabisa.

Uboho haukuchomwa sindano. Ungechomwa kama kungekuwa na tezi zilizovimba, uzito unaoshuka, homa za usiku, chembe za ajabu kwenye kioo, au chembe sahani chini ya 20,000 na wengu uliovimba kidogo tu, yaani namba isiyolingana na ukubwa wa wengu. Kadhalika, wengu mkubwa unaotokana na mwili kupambana kupita kiasi na malaria hupatikana sana ukanda huohuo na unaweza kuwapo pamoja na kichocho. Lakini huo hauletei ini mashina ya kiko, na dawa yake ni ya malaria kwa miezi mingi, si kisu. Mtu anayetokea maeneo ya Baringo, Pokot Magharibi au Karamoja angepimwa pia kalaazari, ugonjwa wa vimelea unaovimbisha wengu, kabla ya kitu kingine chochote.

Kwanza vena, wengu baadaye

Kaka yake mkubwa, aliyemsindikiza, alikuwa na swali moja tu: "Daktari, mkilitoa hilo bandama si ndiyo yameisha?"

Hayajaisha. Kinachoua kwenye kichocho cha ini ni vena za umio kupasuka, na hazipasuki kwa sababu chembe sahani ni chache. Zinapasuka kwa sababu ukuta umekuwa mwembamba, kipenyo kimekua na shinikizo ndani liko juu. Unaweza kumpandishia mtu chembe sahani hadi 200,000 na vena ikapasuka usiku huohuo.

Kwa hiyo mpango ulianza kwenye umio. Endoskopi, ile kamera ya kuingizwa tumboni, ilionyesha safu nne za vena kubwa zenye alama nyekundu juu yake, na moja iliyoteremka kidogo kwenye mdomo wa tumbo. Zilifungwa kwa raba siku hiyohiyo, raba sita, kuanzia pale umio unapokutana na tumbo na kupanda juu kwa mzunguko. Hakuongezewa chembe sahani. Wengi huogopa hapo, lakini kinachotabiri kuvuja baada ya kufunga ni ubaya wa ini kuliko hesabu ya chembe, na miongozo ya sasa haidai mfuko wa chembe sahani kabla ya raba. Mfuko huo, ambao benki nyingi za damu hazinao, ungeishia ghalani.

Raba huacha kidonda baada ya siku kadhaa, na hatari ya kidonda hicho kuvuja ni kubwa kati ya wiki ya kwanza na ya pili. Chakula laini kwa siku tatu za mwanzo, omeprazole kwa wiki chache, na diclofenac marufuku kwa maisha. Maumivu ya mgongo yapate paracetamol, isiyozidi gramu 2 hadi 3 kwa siku.

Kesho yake akaanzishiwa propranolol, dawa ya kushusha mapigo na shinikizo la porta, miligramu 20 mara mbili kwa siku, baada ya kuulizwa kama ana pumu. Dozi hupandishwa kila siku mbili tatu hadi mapigo yafike 55 hadi 60, mradi presha ya juu isishuke chini ya 90. Kwake dozi ilitulia kwenye miligramu 40 mara mbili, mapigo 58. Kosa linaloonekana kila mara ni kumwacha mgonjwa na 20 asubuhi na jioni miaka yote bila kuhesabu mapigo, kisha damu ikitoka ikasemwa dawa haikufanya kazi. Kosa lingine ni mgonjwa kuiacha ghafla vidonge vinapoisha kisiwani: shinikizo hurudi kwa kishindo. Alipewa za miezi mitatu.

Praziquantel, dawa ya minyoo ya kichocho: miligramu 40 kwa kila kilo, yaani 2,320, ikafanywa vidonge vinne vya 600 kwa pamoja baada ya kula. Kizunguzungu na tumbo kukata ni kawaida siku hiyo. Dawa hii haiwaui minyoo wachanga, kwa hiyo ikarudiwa baada ya wiki nane. Atarudi ziwani, bila shaka, hiyo ndiyo kazi yake, hivyo atahitaji kumeza tena kila mwaka. Praziquantel haifuti kovu la zamani kwa haraka. Kwa vijana kovu na wengu vinaweza kupungua kwa miezi na miaka, kwa sharti wasiendelee kupokea mayai mapya.

Madini chuma miligramu 200 mara moja kwa siku, miezi mitano. Hapa yupo mtego mdogo: madini chuma hufanya kinyesi kuwa cheusi, na damu inayovuja tumboni pia hufanya kinyesi kuwa cheusi. Mgonjwa aliambiwa tofauti waziwazi. Cheusi kikavu cha kawaida ni dawa. Cheusi kinachong'aa kama lami, chenye harufu kali, pamoja na kizunguzungu ukisimama, ni damu, panda boti.

Hoja ya boti

Hapo ndipo kisa kinapokuwa kigumu kweli, na haifai kupita haraka.

Kufunga vena kwa raba si kazi ya siku moja. Hurudiwa kila wiki mbili hadi nne mpaka zitoweke, kisha uchunguzi baada ya miezi mitatu, sita, halafu kila mwaka. Kutoka Nansio, bandari ya Ukerewe, hadi Mwanza ni muda wa saa tatu au zaidi kwa meli, na visiwa vidogo vinaongeza boti nyingine kabla ya hapo. Mvuvi anayekosa siku nne kila wiki tatu anapoteza nafasi yake kwenye mtumbwi. Madaktari wa upasuaji wanaosema "mkato mmoja ni bora kuliko safari nane" hawasemi upuuzi. Misri na Brazili, nchi zenye uzoefu mrefu wa ugonjwa huu, zimewafanyia upasuaji wagonjwa wa kichocho kwa miongo mingi, na wengi wao wamepona salama, kwa sababu ini lao linavumilia kisu kuliko ini la sirosisi. Kati ya magonjwa yote ya ini, hili ndilo ambalo kuondoa wengu kuna mantiki zaidi.

Lakini upasuaji uliofanywa huko si wa kutoa wengu peke yake. Ni kutoa wengu pamoja na kukata na kufunga vena zote zinazolisha sehemu ya juu ya tumbo na sehemu ya chini ya umio, au kuunganisha vena ya wengu na ya figo ili wengu ubaki na vena za umio zipumue. Barua ya rufaa iliomba nusu ya kwanza tu. Kutoa wengu tupu kwa sababu ya namba kunaacha vena za tumbo pale zilipo, na vena ya wengu iliyofungwa haiwezi tena kutumika kwa muunganisho huo baadaye. Unatatua karatasi ya FBP, unafunga mlango wa dharura.

Na bei ya kukosa wengu inalipwa kisiwani, mbali na hospitali. Nimokoka, bakteria wa uti wa mgongo na hemofilasi B, ambao wengu huwachuja kwenye damu, wanaweza kumuua mtu asiye na wengu kwa saa chache tangu homa ianze. Malaria ya falsipara kwake inakuwa kali zaidi. Mtu aliye mbali na endoskopi yuko mbali vilevile na chupa ya antibayotiki ya ceftriaxone ya saa nane usiku. Hoja ya boti inakata pande zote mbili.

Uamuzi ulikuwa: raba na propranolol kwanza, wengu ubaki, na masharti ya kubadilisha msimamo yaandikwe mapema, yasingoje mjadala wa usiku wa dharura. Masharti ni haya: kutoka damu tena licha ya raba zilizofungwa vizuri na mapigo yaliyoshuka, vena za ndani ya tumbo zisizofikiwa na raba, wengu unaomuuma au kumzuia kula, maambukizi ya mara kwa mara na nyutrofili chini ya 500, au mgonjwa kushindwa kabisa kufuata ratiba. Kwa kijana anayekua, kudumaa kungeongezwa kwenye orodha.

Kama ingefika kwenye kisu

Chanjo za nimokoka, uti wa mgongo na hemofilasi B hutolewa angalau wiki mbili kabla. Baada ya upasuaji wa dharura, ngoja wiki mbili ndipo uchanje. Chanjo ikisahauliwa kabla, ni vigumu kumpata mgonjwa tena.

Ndani ya tumbo, hatua yenye faida kuliko zote ni kuitafuta ateri ya wengu kwenye ukingo wa juu wa kongosho na kuifunga kabla ya kugusa kitu kingine. Wengu hunywea, damu iliyokuwa ghalani hurudi mwilini, na wengu uliojaza nusu ya tumbo unakuwa mdogo wa kushikika. Kama kuna chembe sahani za kuongeza, ziingie baada ya ateri kufungwa, siyo kabla. Mikanda inayoshikilia wengu kwenye kiwambo imejaa vena ndogo zenye shinikizo. Kila inchi ifungwe, isivutwe. Mkia wa kongosho unaingia karibu sana na mlango wa wengu, na ukibanwa na koleo utavuja siku ya tatu. Amilesi (kimeng'enya cha kongosho) ya majimaji ya bomba lililoachwa tumboni ndiyo itakayosema. Wengu mdogo wa ziada atafutwe, maana kwa watu kati ya 10 na 20 katika 100 yupo, na ukiachwa utakua.

Wiki mbili za mwanzo ndizo za hatari nyingine. Chembe sahani hupaa, wakati mwingine zaidi ya milioni moja, huku mabaki ya vena ya wengu yakiwa mfuko uliotulia unaofunguka kwenye vena ya porta. Damu huganda humo mara nyingi. Enoxaparin, sindano ya kuzuia damu kuganda, miligramu 40 kwa siku mara bomba linapotulia, na altrasaundi ya Doppler, inayoonyesha mwendo wa damu, siku ya 7 na ya 30 hata kama mgonjwa hana dalili. Bonge likiingia kwenye vena ya porta, umetibu wengu kwa kumletea shinikizo jipya.

Njia ya katikati

Kuna njia ya kuziba sehemu ya wengu kwa katheta kupitia ateri ya kinena au ya mkono. Historia yake inafundisha. Jaribio la 1973 liliziba wengu wote, na majipu na vifo vikafuata. Mwaka 1979 Spigos na wenzake wakaonyesha kwamba kuziba sehemu tu, kwa antibayotiki na usafi mkali, kunawezekana. Lengo ni kuua asilimia 50 hadi 70 ya wengu. Chini ya 50 namba hurudi chini baada ya miezi. Juu ya 70 majipu, maji kifuani na ini kuchoka huongezeka. Kwa wengu wa sentimita 22 ni busara kugawa mara mbili, wiki kadhaa kati yake.

Katheta lazima ipite matawi ya kongosho kabla ya chembe za kuzibia kuachiwa. Ncha ya chini ya wengu inapendelewa, kwa sababu ncha ya juu iko chini ya kiwambo, na ikifa italeta maumivu ya kupumua na maji upande wa kushoto wa kifua. Homa ya nyuzi 38 hadi 39 na maumivu kwa wiki moja ni matarajio, si jipu. Hata viputo vya hewa kwenye picha ya siku za mwanzo vinaweza kuwa vya kawaida. Homa inayoanza upya baada ya siku ya kumi, au inayopanda pamoja na maumivu, hiyo ndiyo ya kutafutia jipu. Chembe sahani hupanda ndani ya siku moja au mbili, hufika kilele wiki ya pili, kisha hushuka na kutulia baada ya miezi miwili. Kumpa mgonjwa habari njema kwa namba ya wiki ya pili ni haraka.

Kwa mtu mwenye sirosisi ya homa ya ini B, mwenye manjano, maji tumboni na albumini 24, namba zilezile 34,000 zingeongoza kwenye njia tofauti kabisa: tenofovir ya kuzima virusi, kutibu maji, kufunga vena, na wengu usiguswe kwa kisu wala kwa katheta. Zamani wengi kama huyo wenye homa ya ini C walizibwa wengu ili wavumilie sindano za interferon, ambazo zilishusha chembe sahani. Sofosbuvir, kidonge cha homa ya ini C, ilipoidhinishwa mwishoni mwa 2013, na dawa za vidonge zikachukua nafasi ya interferon, sababu hiyo ikaisha, ingawa mazoea hayakuisha nayo.

Ngiri ilivyoshonwa

Vena zilitoweka baada ya vikao vinne kwa muda wa wiki kumi. Mwezi wa sita wingi wa damu ulikuwa gramu 12.6, wengu sentimita 20.5, chembe sahani 46,000. Ndipo ngiri ikarudi mezani.

Kizingiti cha kawaida cha upasuaji ni 50,000. Avatrombopag, kidonge kinachouchochea uboho, ingetosha: miligramu 40 kwa siku tano kwa mwenye chembe kati ya 40,000 na 50,000 (60 kwa aliye chini ya 40,000), upasuaji siku ya 5 hadi ya 8 baada ya kidonge cha mwisho, na Doppler ya vena ya porta kwanza. Ila haikuwapo, na haikuhitajika. Tatizo halisi la 46,000 halikuwa kisu cha kinena, ambako ukiona damu unaiona na kuibana. Lilikuwa sindano ya ganzi ya mgongoni, ambako damu ikivuja hubana uti wa mgongo bila mtu kuiona. Ngiri ilishonwa na kuwekewa wavu kwa ganzi ya kuchoma palepale kinenani, mfuko mmoja wa chembe sahani ukiwa tayari benki ya damu. Haukufunguliwa.

Kadi aliyorudi nayo kisiwani ina mistari mitano. Vena zilifungwa, tarehe. Propranolol 40 mara mbili, usiache ghafla. Hakuna diclofenac, ibuprofen wala aspirini. Praziquantel kila mwaka. Ukitapika damu au choo kama lami: zahanati ya karibu iweke dripu mbili kubwa, ceftriaxone gramu 1, propranolol isimame, damu iongezwe hadi gramu 7 au 8 tu na isizidi, maana kujaza mishipa kupita kiasi kunarudisha shinikizo, na boti iitwe kabla ya kusubiri majibu ya chembe sahani.